Silikanti wa Tanga na mkondo usiowabeba

Septemba 2003 silikanti, samaki adimu wa maji ya kina, alinaswa Songo Mnara, Kilwa. Mwaka uliofuata jarife (nyavu za kutega) za Tanga zikaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine, hasa kwenye maji ya Kigombe na Mwarongo, na hesabu ikapanda hadi makumi. Kabla ya hapo pwani nzima ya Afrika bara ilikuwa na rekodi za kuhesabika: yule wa kwanza kabisa wa mwaka 1938 karibu na East London, Afrika Kusini; jike mwenye mimba aliyezolewa na meli ya kukokota nyavu karibu na Pebane, Msumbiji, mwaka 1991; kikundi kilichoonwa na wapiga mbizi Sodwana, Afrika Kusini, mwaka 2000; na mmoja wa Malindi mwaka 2001. Waliobaki karibu wote walivuliwa Komoro, kwenye maji ya Ngazija na Nzwani.

Wa Tanga walipotokea, maelezo yalikuwa tayari: wamepotea. Mkondo umewazoa Komoro ukawatupa huku. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu maelezo hayo ukiyaangalia kwenye ramani hayana kasoro, lakini yanavunjika mara unapouliza mnyama mwenyewe anazaaje. Nguvu ya mkondo pekee haisemi nani atafika wapi. Kinachoamua ni kama mnyama ana kiluwiluwi, yaani mtoto mchanga anayeelea na maji, au hana, kiluwiluwi huyo anakaa kina gani, na kwa siku ngapi.

Ramani inavyosema

Mkondo wa Ikweta wa Kusini unavuka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi, unapita kaskazini ya Madagaska, unagonga bara karibu na mpaka wa Msumbiji na Tanzania, na hapo unagawanyika. Tawi moja linashuka Msumbiji. La pili ndilo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopanda kaskazini mwaka mzima kupitia Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba na Tanga hadi Kenya. Wakati wa Kusi unakwenda kwa nguvu, kasi ya juu ya maji ikipita mita 1 kwa sekunde. Wakati wa Kaskazi unapoa, na ukifika kaskazini ya Kenya unakutana na Mkondo wa Somali unaoshuka. Yote miwili inageukia mashariki na kuingia bahari kuu.

Kutoka Nzwani hadi Tanga ni kama kilometa 1,000 kwa mstari ulionyooka. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde husafiri kilometa 86 kwa siku. Siku 12, basi, kitu kinachoelea kinaweza kuwa kimefika. Na Kilwa iko kilometa 430 hivi kusini ya Tanga: siku 5. Kwa hesabu hiyo silikanti wa Komoro, wa Kilwa na wa Tanga wangekuwa jamii moja inayochanganyika kila msimu.

Shida ya kwanza ni kwamba hizo ni kasi za maji ya juu, na silikanti haishi juu. Huyu ni samaki wa mteremko na mapango. Komoro anakaa zaidi ya mita 100, mara nyingi karibu na mita 200. Tanga amekuwa akinaswa juu kidogo ya hapo, mita mia moja hivi, mahali ambapo maji yana nyuzi joto 20 au karibu yake. Mchana hujificha pangoni, mara nyingi wakiwa kadhaa pamoja, usiku hutoka kuwinda. Tabia hiyo ilijulikana baada ya Hans Fricke na wenzake kushuka Komoro kwa nyambizi ndogo mwaka 1987 na kumpiga picha akiwa hai katika makao yake.

Sasa linganisha maji. Mkondo unapungua kadiri unavyoshuka, na ukikaribia sakafu msuguano unaukata zaidi. Mita chache za mwisho juu ya mwamba zinaweza kuwa zinatambaa wakati maji ya juu yanakimbia. Ndani ya pango karibu hakuna mwendo. Ndiyo maana swali la "maji yanakwendaje leo?" halijakamilika mpaka useme maji ya wapi. Mtega jarife analijua hili kwa mikono yake: boya linavutwa kuelekea Mombasa, kumbe wavu wenyewe chini umesimama. Siku nyingine huwa kinyume, wavu umelala chali na boya limetulia.

Mnyama asiye na cha kubebwa

Shida ya pili ndiyo kubwa. Samaki wengi wa mwamba hutaga mayai madogo yanayoelea, na kiluwiluwi wao hukaa majini wiki kadhaa kabla ya kutua. Pweza wa mwambani hutoa maelfu ya watoto wadogo wanaopeperuka na maji. Silikanti hafanyi lolote kati ya hayo. Yai lake lina kipenyo cha sentimita 9 hivi, na halitoki nje. Mtoto hukua ndani ya mama. Yule jike wa Pebane alikuwa na urefu wa sentimita 179, uzito wa kilo 98, na tumboni watoto 26, kila mmoja akiwa na sentimita 30 na ushei. Mtoto wa ukubwa huo anazaliwa akiwa na mapezi kamili na meno. Hakuna siku katika maisha yake anapokuwa kitu chepesi kinachoelea.

Kwa hiyo mkondo unakosa cha kuchukua. Kama silikanti atasafiri na maji, lazima asafiri akiwa samaki kamili, kwa bahati mbaya, kwa mfano akitoka kuwinda usiku akasukumwa mbali na mteremko wake juu ya kilindi. Hilo linawezekana, ila ni ajali, na jamii ya samaki haijengwi kwa ajali.

Vinasaba vilikuja kuthibitisha. Mwaka 2011 watafiti wa Kijapani na wa Tanzania walichapisha usomaji kamili wa DNA ya mitokondria ya silikanti 21, wa Komoro na wa Tanzania. Wa kaskazini ya Tanzania walijitenga kama ukoo wao peke yao, uliotengana na wengine zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Wa kusini ya Tanzania, kinyume chake, walikaa pamoja na wa Komoro. Kwenye uchunguzi uliotumia roboti ya chini ya maji yenye kamera, silikanti 9 walionwa wakiwa hai nje ya pwani ya Tanzania. Kwa ufupi: wa Tanga ni wenyeji, wanazaliana hapohapo.

Angalia jinsi matokeo hayo yanavyokaa juu ya ramani. Kilwa iko karibu na pale mkondo unapogonga bara, na ndipo silikanti wa asili ya Komoro walipopatikana. Dhana ya kuzolewa na maji ina mashiko kule. Tanga iko mbele zaidi kwenye mkondo uleule, unaopanda kaskazini mwaka mzima, lakini damu ya kule haikufika kwa kiasi cha kuonekana. Anayetaka kuipinga hoja hii ana mlango mmoja: mitokondria hurithiwa kwa mama tu, hivyo usomaji huo unaeleza safari za majike. Dume mgeni angeweza kupita bila kuacha alama katika kipimo hicho. Ni pingamizi halali, ingawa halibadilishi jambo la msingi kwamba majike wa Tanga wamekaa Tanga.

Jambo moja la pembeni linalosahauliwa. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefunga maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita 120 hivi. Pango lililo mita 100 leo lilikuwa nchi kavu. Silikanti wa Tanga, kama ukoo wake una umri huo wa vinasaba, alikaa chini zaidi kwenye mteremko uleule na kupanda polepole bahari ilipojaa. Amehama juu na chini mara kadhaa. Kuelekea kaskazini na kusini, hakuhama kiasi hicho.

Majirani wanaosafiri

Ili kisa kieleweke lazima silikanti awekwe kando ya wanyama wengine wa mteremko huohuo, maana maji yale yale yanawatendea tofauti kabisa.

Kuna kamba wa matope ya kina aitwaye Metanephrops mozambicus, mwenye koleo ndefu, anayepatikana kwenye miteremko ya mashariki ya Afrika mita mia kadhaa chini. Jamii yake hutaga mayai machache makubwa, na mtoto hutoka akiwa karibu amekamilika. Muda wa kuelea ni wa siku chache. Huyu yuko karibu na silikanti kuliko unavyotarajia: ana kiluwiluwi, lakini kiluwiluwi huyo hana muda wa kwenda popote.

Upande wa pili yuko kamba koche. Jike mmoja hubeba mayai laki kadhaa chini ya mkia. Kinachotoka kwenye yai ni kitu kidogo bapa, chembamba kama karatasi ya nailoni, kinaonyesha hadi upande wa pili isipokuwa macho mawili meusi yaliyo kwenye vijiti, miguu mirefu imetawanyika pembeni. Kikiwa kipya hakifiki milimita 2. Hakiwezi kupigana na mkondo hata kidogo, lakini kinaweza kupanda na kushuka, na hilo ndilo linalokiokoa. Kinaelea hivyo kwa miezi, kwa jamii nyingi miezi 5 au zaidi, kikijibadilisha ngozi mara nyingi, kabla ya kugeuka kuwa kamba mdogo anayeogelea kurudi mwambani. Kamba koche wa Tanga, basi, kwa kawaida si mtoto wa kamba koche wa Tanga.

Ajabu ya aina yake iko Afrika Kusini, kwa kamba Palinurus gilchristi wa mita 50 hadi 200. Viluwiluwi wake hubebwa na Mkondo wa Agulhas kuelekea kusini magharibi, wakatua mbali na walikozaliwa. Kisha vijana hurudi kwa miguu, wakitembea sakafuni mamia ya kilometa kinyume na mkondo, jambo lililothibitishwa kwa kuwafunga vibandiko na kuwavua tena. Kuna wanyama, kwa maneno mengine, ambao kupotezwa na maji ni sehemu ya mpango wao.

Na kwenye kina kirefu kabisa, kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari, hesabu zimefanywa kwa uangalifu mkubwa. Mnyoo mkubwa Riftia pachyptila hana mdomo wala utumbo akiwa mzima. Kiluwiluwi wake husafiri kwa akiba ya mafuta ya yai. Kwenye maji ya nyuzi joto 2 na shinikizo la kina hicho, akiba hiyo hudumu wastani wa siku 38, na kwa mikondo ya kule mara chache humfikisha mbali zaidi ya kilometa 100. Lakini mwaka 2006 volkano ilipofuta wanyama wote wa eneo moja la Mashariki ya Pasifiki, miongoni mwa wa kwanza kutua alikuwa konokono Ctenopelta porifera, ambaye makao yake yaliyojulikana yalikuwa zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo. Wastani unaeleza wengi. Anayefungua makao mapya mara nyingi ni yule wa pembeni ya wastani.

Hesabu ya Kigombe

Tuchukue mteremko wa Kigombe, mita 110, na tuachilie viluwiluwi watatu wa kufikirika. Kasi zinazofuata ni za mfano, za kuonyesha mbinu. Anayefanya kazi halisi aweke zake alizopima.

Wa kwanza anakaa mita mbili tatu juu ya sakafu kwa siku 4. Maji pale yanatambaa sentimita 5 kwa sekunde, sawa na kilometa 4.3 kwa siku. Atatua kama kilometa 17 kaskazini, hajafika hata mkabala wa bandari ya Tanga.

Wa pili anabaki kwenye kina cha mita 100 hivi lakini mbali na sakafu, kwa siku 20. Sentimita 20 kwa sekunde ni kilometa 17 kwa siku. Siku 20 zinampeleka kilometa 346, yaani amepita Malindi.

Wa tatu, wa kuelea miezi kama yule wa kamba koche, anapanda. Kiluwiluwi mwenye vinyweleo vya kuogelea akienda milimita 1 kwa sekunde, anapanda mita 86 kwa siku. Kutoka mita 110 hadi juu ni saa 30 na kitu. Kisha yuko kwenye maji ya sentimita 80 kwa sekunde, kilometa 69 kwa siku. Siku nne baadaye yuko Malindi, na kama ni Kaskazi, hapo kaskazini ndipo mkondo unapogeukia bahari kuu. Miezi iliyobaki ataimalizia katikati ya Bahari ya Hindi, kwenye mizunguko mikubwa ya maji, na uwezekano wake wa kupata mwamba wa kutulia unategemea kama mizunguko hiyo itamrudisha.

Wote watatu wametoka jiwe moja. Tofauti ya kasi ni ya kina, na tofauti ya umbali ni ya kasi mara muda.

Muda wenyewe haukai mahali pamoja. Joto likishuka nyuzi 10, ukuaji wa wanyama hawa hupungua kwa karibu nusu, wakati mwingine zaidi. Kiluwiluwi aliyefugwa kwenye tangi la nyuzi 27 akakomaa kwa siku 20, akiwa kwenye maji ya nyuzi 20 atahitaji siku 32 hivi. Ukichukua siku za tangi la joto na kuziweka kwenye maji baridi ya kina, umepunguza safari yake kwa zaidi ya theluthi. Hili ni kosa la kawaida mno katika ripoti.

Halafu kifo. Wengi huliwa. Ukichukua vifo vya asilimia 10 kwa siku, baada ya siku 30 wamebaki asilimia 4 tu. Kamba koche wa miezi 5 kwa kiwango hicho asingebaki hata mmoja kati ya mayai 500,000. Kwa asilimia 5, wanabaki 228. Ndiyo sababu tofauti ndogo katika kadirio la vifo ina uzito kuliko kadirio la kasi ya mkondo, na ndiyo sababu ramani nzuri ya kompyuta yenye mishale ya rangi inaweza kuwa imesema mahali maji yanapokwenda bila kusema chochote kuhusu mahali wanyama wanapotoka.

Mwisho, mtawanyiko. Maji hayaendi kama reli. Vizunguko vidogo huwasambaza viluwiluwi pande zote. Ukitumia kigezo cha mtawanyiko cha mita za mraba 100 kwa sekunde, kundi lililotoka pamoja litakuwa limetanuka kilometa 23 kila upande baada ya siku 30. Kwa wa kwanza wetu wa siku 4, mtawanyiko huo peke yake unakaribia nusu ya safari yake nzima, kwa hiyo baadhi yao watatua kusini ya walipozaliwa, kinyume cha mkondo.

Kupima maji ya mita 100 ukiwa na mashua

Kipima mkondo cha sauti kinachokaa sakafuni ndicho chombo sahihi, lakini ni ghali na Tanga hakipatikani kila siku. Njia ya bei nafuu ni pazia la turubai linaloning'inia kina unachotaka, limefungwa kwa kamba kwenye boya lenye GPS. Njia hii ina hila, na hila yote iko kwenye uwiano: eneo la pazia linalokabili maji liwe kama mara 40 ya eneo la vitu vyote vilivyo juu yake. Likiwa dogo, unapima maji ya juu na upepo huku ukidhani unapima kina.

Kinachowapita wengi ni kamba. Kamba ya milimita 6 yenye urefu wa mita 100 ina eneo la mita za mraba 0.6, ukiifunga kwenye pazia la mita 2 kwa 2, uwiano hauzidi 7. Kipimo hicho ni cha kutupa. Tumia uzi wa kusuka wa milimita 2, ambao eneo lake ni mita za mraba 0.2. Boya la sentimita 30 likizama nusu linaongeza 0.035. Pazia liwe la mita 3 kwa 3, vipande viwili vilivyopitana msalaba ili likabili maji kila upande: 9 gawanya kwa 0.235 ni 38. Hapo pametosha. Boya hilo likizama nusu linabeba kilo 7, kwa hiyo uzito wa kulinyoosha pazia, ukipimwa ndani ya maji, usizidi kilo 6. Bomba la chuma lililopitishwa kwenye pindo la chini linafaa kuliko jiwe, kwa sababu linaweka turubai wazi.

Achilia mahali penye kina kinachozidi mita 110 la sivyo pazia litakamata mwamba, na kwenye mteremko wa Tanga sakafu hupanda ghafla. Funga kinasa shinikizo kwenye pazia. Maji ya juu yakikimbia kuliko ya chini, uzi hulala kimshazari na pazia hupanda. Bila kinasa utaandika mita 100 kumbe lilikuwa 80. GPS iandike kila dakika 10. Usiondoe kabla ya saa 25. Mzunguko mmoja wa kujaa na kupwa ni saa 12 na dakika 25, na Tanga bamvua (siku za maji makubwa) huinua maji zaidi ya mita 3. Aliyepima kwa muda wa saa 5 tu amepima maji kujaa, hajapima mkondo. Rudia wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kisha Kusi na Kaskazi. Vipimo vinne vya namna hiyo vina thamani kuliko mwaka mzima wa kasi za juu zilizochukuliwa kwenye picha za setilaiti.

Kinachofuata kwa hifadhi na kwa jarife

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009: kilometa za mraba 552, kuanzia mdomo wa mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko kaskazini ya jiji, ikiwa na visiwa vya Toten, Yambe na Karange ndani yake. Hifadhi moja haiwezi kuwahudumia wanyama wote hawa kwa namna ileile, na mjadala wa BMU (vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni) ukichanganya kamba koche na silikanti hautafika mahali.

Kwa kamba koche, kufunga mwamba wa Tanga kunasaidia Kenya kuliko kunavyosaidia Tanga. Majike watakua na kutaga zaidi, lakini watoto watakwenda na maji. Wanaotua Tanga wametoka kusini, Mafia, Kilwa na huko chini zaidi, na kwa miezi mingi ya kuelea hata bahari kuu imo kwenye hesabu. Hilo haliondoi faida ya kufunga, kwani kamba mkubwa ana bei kuliko mdogo. Linaondoa tu ahadi kwamba "tutafunga mwaka, watoto watajaa hapa". Ahadi hiyo isitolewe kwa mvuvi, maana mwaka ukiisha atadai.

Kwa silikanti ni kinyume. Hakuna Kilwa wala Komoro itakayoijaza Tanga. Aliyekufa nje ya Kigombe hana wa kumrithi isipokuwa mtoto wa jirani yake. Uchunguzi wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha mimba ya miaka 5 hivi, kukomaa karibu na miaka 55, na maisha yanayoweza kukaribia karne. Kwa mnyama wa namna hiyo, kulinda mapango bila kuondoa jarife kwenye mteremko ni kazi bure, kwa sababu usiku hayumo pangoni. Jarife iliyotegwa sakafuni kwa ajili ya papa na taa kati ya mita 70 na 150 ndiyo inayokutana naye. Nyavu hizo zilifuata papa waliopungua kwenye maji ya juu. Kwa hiyo marufuku pekee haitoshi kama maji ya juu hayana kitu. Mpaka wa kina, unaosomeka kwa kipima kina cha bei nafuu au kwa kuhesabu pima za kamba, unasimamika kuliko mpaka wa mistari ya ramani ambao hakuna anayeuona baharini.

Akinaswa licha ya yote, kazi ya kwanza ni kuangalia kama yu hai. Kiungo chake cha kuelea kimejaa mafuta, si hewa, kwa hiyo hapasuki tumbo kama samaki aitwaye changu akipandishwa haraka. Kinachomuua ni joto la maji ya juu na uchovu. Kata wavu, usimvute kwa nyuzi; muache kichwa kikiwa majini, mrudishe mara moja, asikae juu kwa ajili ya picha.

Akiwa amekufa, andika palepale chomboni: mahali kwa GPS, kina cha wavu pale alipokaa na si cha boya, saa ya kutega na saa ya kuvuta, urefu wake na hali ya tumbo. Usimpasue ufukweni, hasa kama ni jike; mfunike barafu na toa taarifa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) au kwa ofisi ya hifadhi. Silikanti yuko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kipande cha ngozi hakivuki mpaka bila kibali. Sampuli ya vinasaba ni kipande cha pezi cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kiwekwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 inayozidi kipande hicho mara kumi kwa ujazo, ibadilishwe kesho yake maana maji ya nyama huizimua. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka. Fomalini isitumike kwa kipande hicho hata kama ndiyo iliyopo karibu, kwa sababu inaifunga DNA na kuikatakata, na swali la kama huyu alikuwa wa Tanga au mgeni halitajibika tena.